Jinsi Nilivyotatua Fumbo la Springi za Nyuma za Bugatti Type 35

Katika mfano wa Bugatti Type 35, gari la mashindano la mwaka 1924, ninaouunda kwa mkono, ekseli ya nyuma (mhimili unaobeba magurudumu) ilikataa kukaa mahali pake kwa sababu nilifunga springi zake, zile za vipande bapa vya chuma, zikielekea nyuma. Picha za ubavuni hazikunifaa, maana magurudumu mapana ya alumini huficha karibu kila kitu (ni mazuri, lakini yanaudhi). Picha iliyopigwa kutoka chini ndiyo iliyonionyesha kwamba ncha nene ya springi hufungwa mwishoni mwa chasisi (fremu ya gari), na ile nyembamba huelekea mbele kuishika ekseli. Kwa kuwa ekseli mbili zimeachana milimita 2,400, yaani 300 kwa kipimo cha 1:8, nilikokotoa urefu wa springi, nikakata bati upya, na ekseli ikakaa sawa.