Nchi Inayoonekana Kutoka Ukingoni

Masomo: Kumbukumbu la Torati 3:23-28, 34:1-8

Wapendwa katika Bwana,

Jumamosi iliyopita watu kumi na mmoja wa ushirika wetu tuliondoka Salt Lake City alfajiri, tukasafiri kuelekea kusini-mashariki kwa muda wa saa nne hivi, hadi kwenye makorongo mekundu ya jangwa la Utah. Mji ulio karibu na makorongo hayo unaitwa Moab, na kila aliyelelewa na Biblia hulitambua jina hilo bila kuambiwa, kwa maana Moabu ni nchi alikotoka Ruthu, na ndiko safari ya Musa ilikoishia.

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tukisikia jangwa huwaza joto, kumbe jangwa hili mwezi wa Januari ni baridi ya kuumiza vidole. Theluji ilikuwa imeshika upande wa kivuli wa kila jabali, na upande unaopigwa na jua ulikuwa mkavu na mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Katika ufa mmoja wa mwamba, karibu na mguu wangu, niliona maji yaliyoganda yakiwa yamejaa hadi juu. Ndiyo hayo yanayoganda, yakatanuka, na kulipasua jiwe kidogo kidogo kila mwaka. Watalii walikuwa wachache mno, hata tuliweza kusikia kunguru akipiga mabawa.

Tulisimama kwanza Dead Horse Point, jina linalomaanisha rasi ya farasi mfu. Ukiwa ukingoni unauona Mto Colorado ukizunguka mwamba kwa kona kubwa, takriban meta 600 chini ya nyayo zako. Rasi hiyo imeungana na uwanda wa nyuma yake kwa kishingo cha ardhi chenye upana wa meta 27 hivi, na inasimuliwa kwamba zamani wachunga ng'ombe waliwaswaga farasi-mwitu hadi huko, wakaziba kishingo kwa matawi na magogo, wala hawakuhitaji zizi jingine, kwa kuwa pande zote zilizobaki ni poromoko tupu. Kisha safari moja, kwa sababu ambayo wasimulizi hawakubaliani, farasi waliobaki wakaachwa humo, wakafa kwa kiu huku mto wakiuona.

Mama mmoja wa ushirika wetu, ambaye kwa umri wake sote humwita Bibi, alikuwa amejifunga shali mbili na kuvaa kofia ya sufu ya mjukuu wake. Nilipomaliza kumweleza habari ya farasi wale alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Maji walikuwa wanayaona?"

"Ndiyo, Bibi, walikuwa wanayaona."

"Basi hao nawajua."

Wengi wenu mnaelewa alichomaanisha. Mwanawe yuko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na faili la kumwunganisha na mama yake limekaa miaka mingi bila jibu. Kila Jumapili baada ya ibada wanaonana kwa simu, na Bibi ameziona ndevu za mwanawe zikianza kuingia mvi, lakini hajamshika mkono tangu 2015.

Ndiyo maana juma hili nimerudi kwa Musa. Tunapenda kuihubiri safari yake ya miaka arobaini, lakini maombi yake ya mwisho tunayapita haraka. Katika sura ya tatu anamsihi Bwana amruhusu avuke aione nchi ile njema ng'ambo ya Yordani, na Bwana anamkatalia, tena anamwambia asiseme naye zaidi juu ya jambo hilo. Ni jibu gumu, wala sitaki kulipamba. Mtumishi mwaminifu aliomba jambo jema, akaambiwa hapana, na baadaye akapanda Nebo akiwa na umri wa miaka 120, na macho yake, Maandiko yanasema, hayakuwa yamefifia. Aliiona nchi vizuri kabisa. Mbele yake palikuwa na bonde kame lenye kina kikubwa, linaloteremka hadi Bahari ya Chumvi, ambayo iko zaidi ya meta 400 chini ya usawa wa bahari.

Nilijiuliza pale ukingoni, nikiwa nimesimama kando ya Bibi, Musa ana tofauti gani na farasi wale, maana wote waliona na wote hawakufika. Nadhani jibu limo katika neno moja la sura ya 34, nalo ni kwamba Bwana *alimwonyesha*. Farasi waliachwa peke yao. Musa alikuwa na Mtu kando yake, akimtajia Gileadi mpaka Dani, na Naftali, na nchi ya Efraimu na Manase, na Yuda yote, na Yeriko mji wa mitende, kama mwenye shamba anavyomwonyesha mgeni mipaka. Tena Bwana aliitaja nchi kwa majina ya kabila ambazo zilikuwa bado hazijavuka mto. Na Musa alipokufa, Bwana ndiye aliyemzika. Sisemi kwamba hilo lilimwondolea huzuni. Maandiko hayasemi hivyo.

Mchana tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, tukapita vituo kadhaa vya kutazamia mandhari, na karibu na machweo tukafika Grand View Point, mahali ambapo uwanda wa juu unakatika ghafla na nchi yote ya makorongo inabaki wazi chini yako. Njia ilikuwa na barafu, kwa hiyo kijana mmoja alimshika Bibi mkono, na walipofika kwenye mwamba mkavu akaanza kumwonyesha kwa kidole: kule chini ile kingo nyeupe inaitwa White Rim, zile nguzo za mawe ziko Monument Basin, kule kusini ni Needles, na milima ile ya mashariki, iliyokuwa imeanza kuwa ya waridi kwa jua la jioni, ni La Sal.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu kutoka ndani ya shali na kumkabidhi mtu wa nyuma yake arekodi.

"Anza tena, mwanangu," akamwambia kijana, "taratibu, moja moja. Jumapili nitamwonyesha."

Kijana akaanza tena na White Rim.