Nilivyompata malkia wa pau kwa pasi ya mpinzani

Tulikuwa tunacheza briji, wawili dhidi ya wawili. Mgawaji alikuwa mpinzani wa kushoto kwangu, naye kwenye mnada akapasi, yaani hakutaja dau. Mwenzangu akapasi, wa kulia akapasi. Nikafungua mnada kwa shupaza 1, mwenzangu akapandisha hadi 3, nikamalizia kwa 4. Maana yake nile mizunguko 10 kati ya 13, shupaza zikiwa turufu.

Mwenzangu alipolaza karata zake wazi mezani, nizicheze mimi, hasara nilizihesabu upesi: kopa mbili na ree ya uru. Turufu tulikuwa nazo tisa, hazikunisumbua. Shida ilikuwa pau. Mkononi nina mfalme, 10 na 3. Mezani ree, ghulamu na 4. Malkia wanaye wapinzani, na ningeweza kumtega upande wowote, yaani kucheza nikikisia yuko kwa mpinzani yupi ili asile. Bila habari nyingine, hiyo ni bahati nasibu.

Wa kushoto alianza na ree ya kopa, akafuatisha mfalme, kisha kopa ya tatu nikaikata kwa turufu. Kwa hesabu ya kawaida ya briji (ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1), hizo ni pointi 7. Nikawamaliza turufu. Vidole vilikuwa vinaniwasha kugusa pau, lakini ree ya uru ilikuwa lazima itoke tu, kwa nini nisiione mapema inatoka kwa nani? Nikatupa mfalme wa uru. Wa kushoto akamla kwa ree. Pointi 11.

Nilishawauliza wanafungua kwa pointi ngapi, maana sheria zinaruhusu kuuliza zamu yako ikifika. Wakasema 12. Mwenye ree mbili na mfalme, ukimwongezea malkia, ana 13; huyo hapasi kamwe. Basi malkia yuko kulia. Akarudisha uru, nikala kwa malkia wa mezani, nikacheza pau 4. Wa kulia akaweka ndogo, nikaweka 10, ikala. Zilizobaki zikawa zangu.

Wapinzani wakinadi, ndiyo raha zaidi. Aliyefungua kwa kopa 3 kwa kawaida ana kopa 7, hivyo amebakiwa na nafasi 6 tu za karata nyingine. Mwenziwe akiwa na kopa 2 ana nafasi 11. Malkia ninayemtafuta, kabla sijaona kingine, yuko kwa huyo wa pili kwa uwezekano wa 11 kwa 6. Huko ndiko ninakotega, isipokuwa hesabu ya pointi ikinikatalia.