Mkono wa mrushaji wanaununua ukiwa umeshatumika

Yaya yangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Texas, Marekani, karibu na Arlington, ndiyo maana mimi hapa Katuba, Lubumbashi, nafuata besiboli wakati mtaa mzima uko nyuma ya timu ya mpira wa miguu, Mazembe. Nikiamka asubuhi nakuta video tatu nne WhatsApp na sauti zake za kulalamika, na kilio chake kikubwa ni Jacob deGrom, mrushaji wa Texas Rangers, yaani yule anayemrushia mpira mpigaji. "Mudogo, balimupa milioni 185 za dola, akacheza mechi sita tu! Ile ni bwizi!" Mimi nakataa kabisa, siku moja tulibishana mpaka mega zangu zikaisha.

Hesabu yenyewe inauma kweli. Desemba 2022 Texas Rangers walimsaini miaka 5, yeye ana 34, na kila mtu aliona kwamba huko Mets, klabu yake ya zamani, mwaka 2021 kiwiko kilimsimamisha nusu ya msimu, 2022 ikawa mfupa wa bega. Wakalipa tu. Aprili 2023, mechi ya sita, mkono ukakataa, Juni akapasuliwa ile operesheni inaitwa Tommy John: wanatoa kano sehemu nyingine ya mwili wanaifunga kwenye kiwiko pale ile ya zamani ilipokatika. Dokta Frank Jobe aliifanya mara ya kwanza 1974, na deGrom alishapitia hiyo hiyo 2010, ikawa ya pili. Kupona ni zaidi ya mwaka. Rangers wakachukua ubingwa 2023 bila yeye, na mshahara ukaendelea kuingia, maana kule mkataba ukishasainiwa unalipwa wote, uumie usiumie.

Sasa yaya anasahau kitu kimoja. Mrushaji hawi huru siku anayotaka. Miaka sita ya kwanza kwenye ligi kubwa klabu inamshika, na ile ya mwanzo inamlipa kidogo sana kuliko anachozalisha, kwa hiyo anapofika sokoni wengi wanakaribia 30 na mkono umesharusha maelfu ya mipira kwa nguvu zote, kuna wengine wanafika kilometa 160 kwa saa. Klabu mpya inalipa bei ya yale aliyofanyia wengine, halafu inapokea kilichobaki. Hatari ndiyo iko hapo, na unakuta kosa si pesa ni urefu wa miaka. Stephen Strasburg, Washington Nationals, alikuwa mchezaji bora wa fainali za 2019, wakampa miaka 7 na milioni 245, akarusha mechi 8 tu mpaka akastaafu, neva za begani zilimkatalia. Klabu hiyo hiyo ilimsaini Max Scherzer 2015, miaka 7, milioni 210, na yeye akairudisha kila senti kwa kazi yake. Nani angejua mbele yupi ni yupi? Mimi ningekuwa na pesa ningetoa nyingi kwa miaka mitatu, minne mwisho.

Lakini bwizi, hapana. Baba mudogo alichimba madini Kolwezi miaka mingi, nyundo na patasi, alilipwa kwa mfuko. Mkono wake wa kuume haunyooki tena, akinywa chai anashika kikombe na kushoto, ule mwingine unalala juu ya paja umekunjwa kama bado umeshika nyundo. Siku ulipokataa, mifuko iliisha na franga zikaisha siku hiyo hiyo, hakuna mtu alikuja kuuliza.

deGrom alirudi mwisho wa msimu wa 2024, na 2025 akaanza mechi 30, akaitwa All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Yaya alinituma video bila sauti ya kulalamika, nikamwonyesha baba mudogo kwenye simu tukiwa barazani. Hakuuliza mchezo unachezwaje. Aliniambia nirudishe nyuma, akaangalia kiwiko, nikarudisha tena, mara nne hivi, halafu akauliza:

"Na ile mwaka alikuwa anaumwa, balikuwa banamulipa?"

Nikamwambia ndiyo, wote.

"Bilikuwa muzuri," akasema, akanirudishia simu.