Nilivyoiandaa nyumba kwa ukaguzi wa moto wa nyika

Ukipewa kanuni za zimamoto, jicho hukimbilia kwenye miti na majani marefu, na wengi huanza kufyeka kule mbali mpakani. Mimi nilianzia ukutani nikaenda nje, na sababu ni cheche. Moto wa nyika ukishapata upepo, nyumba nyingi huwashwa na makaa madogo yanayorushwa mbele ya moto wenyewe, hata kilomita moja au zaidi. Ndiyo maana utakuta nyumba imebaki majivu na mti wa jirani yake bado una majani mabichi.

Kila mji una vipimo vyake, kwa hiyo soma vya kwenu kwanza. Mimi nilifuata vya California, vyenye kanda tatu kutoka kwenye nyumba: mita 1.5 za kwanza, kisha hadi mita 9, kisha hadi mita 30, au hadi mpakani kama kiwanja kinaisha kabla. Kama kuna baraza la mbao lililoshikana na nyumba, futi kamba inaanzia kwenye ukingo wa baraza, si ukutani. Hapo ndipo hesabu za wengi hukosewa.

Zile mita 1.5 ndizo zilinichukua muda mwingi, na ningerudia ningefanya vilevile. Kabla ya kuondoa chochote nilisubiri siku ya upepo nikaangalia majani makavu yanajikusanya wapi: pembe za ndani za kuta, chini ya ngazi, nyuma ya pipa la taka. Cheche nazo zitatua hapohapo. Niliondoa matandazo ya magome, vichaka vya chini ya madirisha, kuni, na mkeka wa katani wa mlangoni. Badala yake nikamwaga kokoto unene wa sentimita 5. Kuta zikiwa na mzunguko wa mita 40, ukanda huo pamoja na pembe 4 ni mita za mraba 69, sawa na mita za ujazo 3.5 hivi za kokoto. Usizirundike hadi zifikie mbao za ukuta. Acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane. Na kokoto hazifagiliki vizuri, majani huzama katikati yake. Karibu na milango afadhali uweke vigae vya saruji.

Uzio wa mbao unaogusa nyumba ni utambi, hauna jina jingine. Kipande cha mwisho, mita 1.5, nilikitoa nikaweka geti la chuma.

Kisha matundu ya hewa ya darini na ya chini ya sakafu. Wavu wa zamani wenye matundu ya milimita 6 unapitisha cheche bila shida. Nilifunga wavu wa chuma wa milimita 3, nikiukata upana uzidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, na kuubana kwa skrubu na washa, zile pete bapa za chuma. Wavu wa plastiki huyeyuka. Ukipaka ukuta rangi, ufunike wavu kwanza, maana rangi huziba vijitundu na dari inaanza kuvuta unyevu. Upo pia wavu wa milimita 1.5 unaozuia cheche vizuri zaidi, ila vumbi huuziba upesi, kwa hiyo ukiuweka ujue umejipa kazi ya kuupiga brashi mara kwa mara.

Juu ya paa, safisha mifereji ya maji. Kifuniko cha mfereji hakikuondolei kazi, majani hukaa juu yake. Vigae vya mviringo vina uwazi mwishoni ambapo ndege hujenga viota. Niliuziba kwa saruji.

Miti ikaja mwisho. Matawi yakae mita 3 kutoka kwenye bomba la moshi, na ya chini yaanze mita 1.8 kutoka ardhini. Kukiwa na kichaka chini ya mti, nafasi kati ya kilele chake na tawi la chini iwe mara 3 ya kimo cha kichaka. Kichaka cha mita 1.5 kinadai mita 4.5, ni rahisi kung'oa kichaka kuliko kuuvua mti nguo.

Kwenye mteremko vichaka huachana zaidi: mara 2 ya kimo chake pakiwa tambarare, mara 4 mwinamo ukiwa kati ya asilimia 20 na 40, mara 6 ukizidi hapo. Kupima, chukua ubao wa mita 1, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, usawazishe kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha nyingine hadi chini. Sentimita 20 ni asilimia 20. Nyasi nilizikata hadi sentimita 10 bila kung'oa mizizi, maana mvua ingeondoka na udongo. Zikate kabla ya saa 4 asubuhi, bomba la maji likiwa karibu: kisu cha mashine ya kukatia kikigonga jiwe hutoa cheche.

Mkaguzi aliandika kasoro moja tu, uwazi chini ya mlango wa gereji. Ukanda wa mpira uliochakaa ulikuwa umeacha nafasi ya kidole pembeni, na ndani kulikuwa na maboksi ya karatasi. Nilibadilisha ukanda na kuyahamisha maboksi siku hiyohiyo.