Kunguru wameshindwa: maji ya ndege dirishani kwa mgonjwa

Hatimaye shore wanaoga! Maji yako kwenye mkungu wa udongo wenye upana wa sm 30, kina sm 3, mita 2 kutoka dirishani. Nguzo ina sm 120, maana aliyelala kitandani haoni chini ya kizingiti cha dirisha.

Kero ilikuwa kunguru. Hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka sasa wameijaza Dar, na wana tabia ya kuchovya chakula majini kabla ya kula. Jua halijapanda, mkungu umeshajaa mifupa na matumbo ya samaki, na anayetumia dawa za saratani harufu hiyo inamtapisha. Nikauzungushia mkungu kizimba cha wavu wa kuku, wakaupinda. Wa chuma uliochomelewa, matundu ya inchi 2, unapitisha shore na shomoro, kunguru anabaki nje. Ila shingo yake inapita! Kwenye kizimba cha sm 40 alisimama nje akachovya vilevile. Sasa kizimba ni sm 70, mkungu katikati, sm 20 kila upande, na mdomo haufiki. Juu kuna makuti ya kuzuia kinyesi (bati likinyeshewa ni kelele tupu), na mshipi wa nailoni umekazwa sm 10 juu yake ili asitue.

Plaizi za bei poa hutafuna waya badala ya kuukata. Kila ncha ipitishwe tupa, isije ikachana mabawa.

Maji hubadilishwa kila siku na ukingo unasuguliwa kwa brashi: mayai ya mbu wa dengi hunata pale na hustahimili ukavu kwa miezi. Anayesugua avae glavu, na asiwe mgonjwa. Kinga yake iko chini, kinyesi cha ndege si cha kukaribia. Yeye ni kutazama tu, na kutazama si kitu kidogo: mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, dirisha likitazama miti, walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Asumini niliyopanga kuipanda nimeiacha, inanukia mno kwa mwenye kichefuchefu.

Na msiba ukitokea, tafadhali msiking'oe kizimba. Mfiwa asiyepata usingizi ana kazi ya kufanya alfajiri. Nguzo tu ikatwe hadi sm 50, aliyekaa mkekani barazani aone.