Skana Kidoleni

Nilipoanza kazi ya kupakia, kipimo chetu kilikuwa jicho la msimamizi. Maboksi mazito chini, mepesi juu, lori likijaa vizuri umemaliza. Siku hizi nimevaa skana, kifaa cha kusoma msimbo wa boksi, kidoleni kama pete. Kila boksi linalia "pii", na kila pii inahesabiwa. Nikitulia dakika chache kupanga upya maboksi yaliyoporomoka, mashine inaandika kwamba nilikuwa nimekaa bure.

Siyo kwamba naichukia teknolojia. Mkanda wa kusafirisha maboksi, unaorefuka mpaka ndani ya lori, umeniokolea mgongo. Roboti za kusogeza rafu nazo zimeenea tangu Amazon iinunue Kiva Systems, kampuni iliyozitengeneza, mwaka 2012, kwa dola milioni 775. Ila kupanga maboksi ya kila umbo ndani ya lori, hapo bado kuli anatakiwa.

Kinachoniuma ni mshahara. Kwa zamu moja napakia mengi kuliko zamani, malipo ya saa ni yaleyale. Aliyeongezwa mshahara ni kijana anayejua kunasua mkanda ukikwama. Nimemwomba anifundishe. Juzi kaniachia nifungue kifuniko mwenyewe: ndani palikuwa na kipande cha utepe wa gundi, basi!