Nilivyosomea uchunguzi wa sauti bila kuondoka Nairobi

Kwa miaka mingi nimekula kwa kuondoa kelele. Studio yangu iko ghorofani karibu na River Road, na anayeijua River Road anajua ninachopambana nacho: honi, makanga, spika za duka la chini, jenereta la jirani stima ikipotea. Kwaya inaimba Jumamosi, na Jumatatu mwenye albamu anataka kusikia waimbaji peke yao. Kazi hiyo niliiweza, na nilipoamua kurudi shule kwa shahada ya uzamili nilikuwa nawaza jambo moja tu: kufufua kanda na santuri za zamani.

Upande wa mahakama uliniingilia kwa mlango mwingine. Wakili mmoja alipanda ngazi na simu mkononi, akasema, "Prodyuza, nisafishie hii. Nataka hakimu asikie kila neno." Nilimuuliza ilirekodiwa kwa simu gani, simu hiyo iko wapi sasa, na nani ameishika tangu siku hiyo. Hakuwa na jibu. Alitumiwa na mteja, naye mteja alitumiwa na shemeji yake. Kuisafisha ningeisafisha, tena vizuri. Lakini nikishaanza kutoa vitu mle ndani, nani atamhakikishia hakimu kwamba nilichotoa ni kelele, si neno? Nilimrudishia simu yake, na jioni ile nikaanza kusoma.

Katika orodha za kozi nilizopitia za vyuo vya hapa mjini sikukuta uzamili wa uchunguzi wa sauti, yaani kuzipima rekodi kwa ajili ya mahakama. Zile zinazotajwa sana ziko mbali. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kina uzamili wa sayansi ya matamshi kwa ajili ya uchunguzi wa kisheria. Chuo Kikuu cha Colorado Denver, Marekani, kina kituo cha uchunguzi wa midia kilichoanzishwa 2008. Nilipiga hesabu ya karo, viza na nauli, nikawatazama wanangu, nikafunga kompyuta. Nilichofanya ni kujiandikisha kwa uzamili wa uhandisi wa umeme hapa hapa, masomo ya jioni, kisha nikapenyeza sauti kwenye pendekezo la utafiti.

Anayetaka kupita njia hii ajue kwamba ugumu hauko kwenye mada. Idara inaweza kuipenda mada yako na bado ikakukwamisha kwa kuwa haina wa kukusimamia. Kwa hiyo mimi nilitafuta wasimamizi kwanza. Nilimpata mhandisi wa mawasiliano anayefundisha uchakataji wa mawimbi, nikampata mwanaisimu mwenye kuijua fonetiki ya Kiswahili, yaani sauti zake za matamshi, vilivyo. Walikuwa hawajawahi kukaa meza moja. Mhandisi alitaka kila kitu kiwe namba. Mwanaisimu alitaka kujua kwanza ni nani anayezungumza, na nani, na kwa nini. Nilikuwa nakaa katikati yao na daftari, nikiandika kila walipobishana, na sehemu kubwa ya sura yangu ya pili ilitoka humo.

Kisa kilichonifungua macho ni cha zamani, kile cha kanda za mazungumzo ya ofisini ya Rais Nixon wa Marekani. Kanda moja ya Juni 20, 1972 ilikuwa na pengo la dakika kumi na nane na nusu, na ndani ya pengo hilo hakuna maneno, ni mngurumo tu. Mahakama iliteua wataalamu sita. Mwaka 1974 walieleza kwamba mngurumo ule ulitokana na kufutwa na kurekodiwa upya, tena kwa vipande visivyopungua vitano, na kwamba alama zilizobaki kwenye utepe ziliendana na mashine ya Uher 5000. Waliutia utepe umajimaji wenye chembe za sumaku wakaziona kwa macho alama zilizoachwa na kichwa cha mashine kilipoanza na kusimama. Mtu wa studio angekifuta kipande kile kwa sekunde moja. Wao kelele ile ndiyo iliyowapa jibu.

Basi mada yangu nikaitoa kwenye takataka zangu za kila siku: mvumo wa stima. Umeme wetu husemwa kuwa ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, lakini hiyo 50 ni ya vitabuni. Matumizi ya umeme yakipanda jioni masafa, yaani hiyo idadi ya mawimbi, hushuka kidogo, yakipungua hupanda, kwa sehemu ndogo ndogo za hezi, bila mpangilio unaojirudia. Na hutokea kwa pamoja kila mahali palipounganishwa na gridi hiyo, iwe Kayole au Kisumu. Kinasa sauti kilichochomekwa ukutani huunyonya mvumo huo bila mwenyewe kutaka. Ukiwa na kumbukumbu ya gridi ya siku husika, unaweza kulinganisha na kupima kama rekodi ni ya saa inayodaiwa. Kipande kikiwa kimekatwa, mstari wa mvumo huruka. Mtaalamu wa Romania, Catalin Grigoras, ndiye aliyeipa njia hii jina mwanzoni mwa miaka ya 2000, na polisi wa London wana hifadhi yao ya mvumo wa gridi ya Uingereza.

Mimi nilihitaji hifadhi ya Nairobi, nikaitengeneza. Transfoma ndogo ya kushusha volti 240 hadi 9 niliinunua Luthuli Avenue, nikaongeza fyuzi na vipingamizi viwili vya kuishusha zaidi hadi chini ya volti moja, kisha waya ukaingia kwenye kadi ya sauti ya kompyuta kuukuu. (Fundi wa stima alinisaidia kufunga. Usiguse soketi peke yako kwa ajili ya tasnifu.) Kompyuta ilirekodi usiku na mchana, saa yake ikisawazishwa kupitia intaneti, na faili nilizipunguza hadi sampuli 1,000 kwa sekunde, ambazo kwa mvumo wa hezi 50 zinatosha na kubaki.

Hapo ndipo Nairobi ilipojitokeza yenyewe. Makala nilizozisoma zilichukulia kwamba stima ipo. Kwetu swali la kwanza ni: ilikuwepo? Jenereta la duka lina masafa yake, na huyumba kila mtu anapowasha birika la umeme. Ukilitazama kwenye spektrogramu, ile picha ya masafa ya sauti yanavyobadilika, utaona mstari mnene unaopanda na kushuka kama mlevi anayetafuta mlango. Inveta ya sola isiyounganishwa na gridi nayo hutoa mstari ulionyooka, safi kupita kiasi, kwa sababu masafa yake yanaongozwa na saa ya ndani ya kifaa. Gridi iko katikati, inatangatanga polepole. Hivyo hata pale ambapo siwezi kutaja saa ya rekodi, mara nyingi naweza kusema umeme ulitoka wapi, na hilo peke yake huwa na uzito. Mtu akidai alirekodi mazungumzo dukani wakati stima ipo, halafu mvumo uwe wa jenereta, ana la kueleza.

Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia gizani karibu saa nne kasorobo, kompyuta yangu ilikuwa kwenye betri ya akiba, ikaendelea kurekodi waya usio na kitu. Pengo hilo bado ninalo, na ni mojawapo ya sehemu ninazozithamini zaidi kwenye hifadhi nzima.

Simu za mkononi zilinisumbua zaidi. Simu iko kwenye betri, mvumo haupiti kwenye waya wake. Unaingia kwa hewa kupitia maikrofoni, kutoka kwa friji, feni au taa ya mrija inayolia kwa hezi 100. Nilizunguka nyumba za jamaa kuanzia Umoja hadi Kasarani nikiweka simu mezani jikoni, mara karibu na friji, mara mbali nayo, mara mfukoni mwa koti. Mama yangu mdogo aliniuliza kama chuo ndicho kilichonituma kupima friji yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa kwa Opus, programu ya kupunguza ukubwa wa sauti, na chembe za mvumo zikiwa dhaifu hupotea humo. Simu ya kawaida ya sauti ni mbaya zaidi, kwa kuwa hupitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo hezi 50 na 100 zenyewe hazifiki na unabaki kutafuta vizidishe vyake vya juu.

Mpaka huo wa hezi 300 ndio pia aliouhangaikia mwanaisimu wangu. Ukilinganisha sauti ya mtu iliyopita kwenye simu na sauti yake iliyorekodiwa ana kwa ana, irabu *i* na *u* huonekana zimepanda kwenye vipimo, kumbe ni simu imekata chini yake. Anayelinganisha namba bila kujua hilo atamwachilia mwenye hatia au kumfunga asiye na hatia. Kuhusu Sheng na vijana wanaorukaruka kati ya lugha tatu ndani ya sentensi moja, nilikubali mapema kwamba huo ni utafiti wa mtu mwingine. Kwa sauti za watu nilizozikusanya nilihitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, idhini ya kamati ya maadili, na ridhaa ya maandishi kwa kila mzungumzaji, maana tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huwezi kubeba sauti ya mtu kama ulivyookota barabarani.

Kanda za zamani sikuziacha. Mzee mmoja kutoka Ngara aliniletea kaseti ya marehemu kaka yake akipiga gitaa na kuimba nyumbani. Kile kipande cha sponji kinachobana utepe kwenye kichwa kilikuwa kimebanduka, ganda limepinda. Nililifungua kwa bisibisi ndogo, nikahamisha utepe kwenye ganda jipya, kisha nikageuza skrubu ya pembe ya kichwa cha deki kidogo kidogo, nikisikiliza chaneli zote mbili zikiwa moja, mpaka *s* na *sh* zilipochongoka. Mzee alisikiliza akatikisa kichwa. "Kijana wangu, kaka yangu hakuwa na sauti nyembamba hivi."

Zamani ningebishana naye, au ningeshusha sauti kwa kukisia. Safari hii nilitafuta mvumo. Kaseti ilirekodiwa kwa redio iliyochomekwa ukutani, na mvumo wake ulisomeka karibu hezi 52. Gridi yetu haiendi huko. Maana yake redio ile ilirekodi polepole kuliko deki yangu inavyocheza, na kila kitu kilikuwa kimepanda kwa asilimia nne, karibu theluthi mbili ya nusu-toni. Nilirudisha mvumo kwenye 50, na gitaa likashuka nao. Baada ya hapo, na ni baada ya hapo tu, nikauondoa mvumo kwenye nakala ya kusikiliza. Nakala ya hifadhi ina kila kitu: sampuli 96,000 kwa sekunde, biti 24, bila kuguswa. Miongozo ya chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, inataka angalau sampuli 48,000 na biti 24. Hapo nilielewa kwa nini wasimamizi wangu walikuwa wanasema nasomea kitu kimoja wakati mimi nilikuwa nikilalamika nasomea viwili.

Kuna kanda za kwenye magurudumu ambazo gundi yake imevuta unyevu, zinanata kwenye mashine na kulia. Hizo huokwa taratibu kwa joto la nyuzi 50 na kidogo kwa saa kadhaa, kisha zinakiliwa haraka kabla hazijarudia hali yake. Nilitumia kikaushio cha matunda chenye kipimajoto. Lakini kanda ikitoa harufu ya siki, usiioke. Hiyo ni ya asetati na joto litaimaliza.

Kuhusu sheria, nilichosoma ni kidogo lakini nakitumia kila wiki. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 48, inaruhusu maoni ya mtaalamu. Kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi ya kielektroniki na kueleza ilivyotengenezwa na kwa kifaa gani. Wateja wengi hukisikia cheti hicho kwa mara ya kwanza kutoka kwangu.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini wa nje hakuniuliza habari za kanuni za hesabu. Aliuliza: wakili wa upande wa pili akisema hifadhi yako umeipika mwenyewe nyumbani, utajibu nini? Nilimwonyesha kwamba kila faili ya siku ilipigwa alama ya SHA-256, namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili ikiguswa, usiku uleule, na orodha ya alama hizo ikatumwa kwa wasimamizi wote wawili papo hapo, kwa hiyo kubadilisha sampuli moja tu kungeonekana. Akauliza kama wasimamizi walikuwa wakizifungua zile barua pepe. Walicheka. Mhandisi alikuwa amezihifadhi zote.

Sasa studio ina deki upande mmoja na meza ya uchunguzi upande mwingine, na bei mbili tofauti ukutani. Anayetaka isikike vizuri analipia ya kwanza. Anayeenda mahakamani anajaza fomu, anaandika jina la kila aliyeishika rekodi na tarehe, nami nafanya kazi kwenye nakala na kuandika kila hatua. Na tafadhali, usinitumie faili kwa WhatsApp. Jina lake na saa zake za mwanzo zinaweza kupotea njiani. Iweke simu kwenye hali ya ndege, ichaji, uilete yenyewe pamoja na nywila.